Nimeandika "anaongea ovyo" kwenye faili, msimamizi akalikata

Mwanafunzi_uuguzi: Shikamooni wakubwa. Nipo mwaka wa 2, wiki ya tatu wodi ya afya ya akili. Jana nilimuuliza fundi baiskeli mmoja amelalaje. Akajibu mbio mbio: "Nimelala, lala salama, Salama wa Dar es Salaam, kule jua, jua unalijua?" Nikaandika "anaongea ovyo". Msimamizi akakata kwa wino mwekundu: "Ovyo vipi?" Nikaduwaa. Kitanda cha pili, bibi niliyemuuliza anaumwa wapi akaanzia harusi ya dada yake, akapita bei ya nazi na mvua za masika, ndipo akafika mguuni. Hawa nawaandikaje?

Sista_zamu_ya_usiku: Marahaba mdogo wangu. "Ovyo" ni hukumu. Andika maneno yake yaleyale, halafu tazama sentensi zinaunganishwa na kitu gani. Fundi wako anavutwa na mlio: lala, salama, jua. Bibi alizunguka lakini alifika. Wa kukutia wasiwasi ni yule unayemuuliza mguu, akaugusa kidogo, akaenda zake asirudi. Na yule anayekatika katikati ya neno, ukimuuliza anasema mawazo yamechukuliwa. Huyo mwambie daktari siku hiyohiyo.

Usikimbilie kusema skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti zisizokuwepo na kuamini yasiyo kweli. Nancy Andreasen, daktari wa akili wa Marekani, alifafanua aina 18 za usemi wa namna hii mwaka 1979, akaonyesha kuwa wenye mania (kuchangamka kupita kiasi, usingizi hakuna) nao wanao.

Halafu Kiswahili kinatoa vina bure! "Watoto wale wawili wamekuja wakilia": hiyo wa-wa-wa ni sarufi, hakuna ugonjwa hapo.

Mstaafu_wa_wodi: Sisi tulipima mawazo ya mgonjwa kwa methali. Nilimuuliza mmoja maana ya "haba na haba hujaza kibaba", akanijia juu: "Kibaba chenyewe mmeniibia!"

Sista_zamu_ya_usiku: Shikamoo mzee. Ila siku hizi ukimpa kijana methali hiyo atakuuliza kibaba ni nini. Naye tumwandike mgonjwa?

Kaka_wa_mgonjwa: Mimi si mtaalamu. Mdogo wangu alianza kuropoka ghafla usiku mmoja, tukahangaika na mapepo siku mbili. Kumbe malaria imepanda kichwani. Tafadhalini, pimeni kwanza.

Sista_zamu_ya_usiku: Kweli kabisa. Aliyebadilika ghafla, mara yupo mara hayupo, hajui leo ni siku gani: joto, malaria na sukari kabla ya maneno mengine yote. Mdogo wangu, waulize na ndugu kama ndivyo anavyoongea siku zote. Kuna wazee wa pwani mafumbo ndiyo salamu yao.

Mwanafunzi_uuguzi: Nimerudi, asanteni. Yule fundi joto kawaida, malaria hana. Mkewe anasema ni mtu mkimya, lakini sasa hajalala usiku wa nne, na amekopa akanunua spoki 600. Kibanda chake kinapokea baiskeli mbili kwa siku.

Sista_zamu_ya_usiku: Andika na spoki.