Duara jeusi msituni, katikati miti imegoma kuota: ni mambo ya mkaa wa zamani?

kisiki_kikavu:
Wakuu habari zenu, naomba kuuliza wenye kujua misitu. Kwenye mteremko msituni nimekuta kiwanja cha duara kimesawazishwa kabisa, upana kama mita 10 hivi, ukipangusa majani makavu udongo ni mweusi tii umejaa chenga za mkaa, na inaonekana ni vya zamani sana maana mizizi minene imeshapita katikati yake. Pembeni miti mikubwa imezunguka lakini katikati ni majani na vimiche tu. Si wanasema mkaa ni mbolea? Mbona hapo miti haitaki?

MzeeWaTanuri:
Hilo ni tanuri la mkaa mkuu, wala usiumize kichwa. Wachoma mkaa walikuwa wanachimba mteremko kidogo wapate pa bapa, wanapanga magogo, wanafunika kwa majani na udongo, halafu inaungua polepole siku kadhaa. Na mahali pazuri palitumika tena na tena ndo maana weusi umekuwa mnene hivyo.

Kuhusu mbolea, watu wengi wanachanganya mkaa na majivu. Majivu ndo yenye kalsiamu na potasiamu na ndo yanapunguza asidi ya udongo, ila mvua inayashusha chini miaka inavyoenda, potasiamu ndo inatangulia kuondoka. Chenga zenyewe zinakaa mamia ya miaka lakini ni kaboni karibu tupu na mmea hauli kaboni ya ardhini, unaivuta hewani. Kwa hiyo unaweza kupima udongo wa tanuri la miaka 200 ukakuta kaboni ya kumwaga huku fosforasi ambayo mizizi inaweza kuitumia ni kiduchu. Halafu weusi unanyonya joto mchana, na udongo wa hivyo ukikauka sana unakataa maji, mvua ya kwanza inateleza juu tu, sasa kimche chenye kamzizi ka sentimita 3 hapo hakitoboi.

nyasi_ndefu:
Mzee sikatai ila sio kila msitu. Inategemea udongo wa asili ulikuwaje. Pale penye asidi kali, tanuri linaweza kuwa kisiwa cha mimea ambayo pembeni huioni kabisa. Na mkaa ukiwa mpya unanyonya sumu ambazo mimea mingine inamwaga kuzuia jirani zake wasiote, huko misitu ya baridi ya Sweden walilipima hilo, wakakuta mkaa unachoka baada ya kama miaka 100 na kazi hiyo inaisha. Kwa hiyo tanuri la jana na tanuri la babu wa babu ni vitu viwili tofauti, usisome la kwanza ukadhani umeelewa la pili.

Gogo:
Mnabishania duara la mita 10 wakati msitu mzima umebadilishwa!! Kabla ya makaa ya mawe kushika kasi (Mwingereza Abraham Darby alianza kuyeyushia chuma kwa koki, yaani makaa ya mawe yaliyookwa bila hewa, mwaka 1709, na hata hapo mkaa wa miti uliendelea sana tu, huko Marekani, Pennsylvania na Connecticut waliutumia mpaka karne ya 19) tanuri za kuyeyushia chuma zilitegemea mkaa na zilikuwa zinakula msitu vibaya mno. Walikata, wakaacha visiki vichipue, baada ya miaka 15 mpaka 30 wanarudi tena. Sasa mti usiochipua kwenye kisiki unapona vipi hapo? Misonobari mingi imeondolewa hivyo, mialoni na chesnati, ambayo inachipua kwenye kisiki, ikatamba. Na chini vilevile, kila wakikata jua linaingia, maua yanayopenda mwanga yanalipuka miaka michache kisha kivuli kinarudi. Ukiona shina tatu nne zimetoka kisiki kimoja kipana, hapo huenda panga limepita mara nyingi. Siku hizi wanapiga leza kutoka kwenye ndege wanayaona maduara kwa maelfu, kwa hiyo lako halipo peke yake, zunguka utaona mengine.

kisiki_kikavu:
Aisee, shina nyingi kisiki kimoja zipo kibao. Kuna namna ya kujua walichoma miti gani?

MzeeWaTanuri:
Ipo. Mkaa unatunza vitundu vya mbao vilevile, ukivunja kipande ukakiangalia kwa hadubini mtaalamu anakuambia ni jamii gani ya mti. Chukua vya chini kabisa na vya juu uviweke mbali mbali, visichanganyike, maana vya chini kwa kawaida ndo vya kwanza kuchomwa. Ukikuta chini kuna mti ambao leo humo msituni haupo, njoo utuambie.