Mnaouza dawa ya kusafisha injini hapa Mwanza, mbona hamuulizi injini yenyewe ina historia gani?

Wakuu nawasalimu. Naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha.

Gari ni Fuso Fighter, injini 6D16 ya tabo (ile feni ya kusukumia hewa kwenye injini), nimeinunua mkononi kwa mtu 2019. Ndo inalipa ada za watoto, ndo inalipa marejesho ya mkopo. Inabeba dagaa kutoka Mwaloni Kirumba kwenda Shinyanga, Singida, na mara mojamoja Dodoma. Haikuwa na tatizo. Narudia, haikuwa na tatizo lolote, haili oili, haitoi moshi wa buluu, asubuhi inawaka kwa selfu moja. Ilipelekwa gereji kumwaga oili tu basi, kwa fundi yuleyule wa siku zote.

Fundi kachomoa stiki ya kupimia oili kapaka oili kidoleni kamwonesha dereva, "ona hii ilivyo nyeusi, injini chafu hii, lazima tuiflashi kwa dawa". Jamani. Oili ya dizeli kuwa nyeusi ndo ushahidi wa uchafu? Dizeli inatoa masizi, na oili yake imetengenezwa kuyabeba yale masizi yasigande kwenye chuma, ukiweka mpya leo ukitembea kilomita mia kadhaa tu ishakuwa nyeusi tii, maana yake inafanya kazi yake. Fundi aliyekaa kwenye dizeli miaka yote hiyo halijui hilo? Au analijua vizuri ila duka la jirani linamtoa kidogo kwa kila chupa?

Zikawekwa chupa 3, kila moja sh 18,000, risiti hakuna. Chupa moja dereva alinitunzia nikaisoma mwenyewe baadaye. Imeandikwa wazi, japo kwa Kizungu na herufi ndogo kama chawa: mimina kwenye oili ya zamani injini ikiwa ya moto, iache iungurume palepale dakika 10 hadi 15, USITEMBEZE gari, zima, mwaga yote, badili na filta. Sasa fundi wangu kamimina halafu akawaambia nendeni nayo Shinyanga, ikitembea na mzigo ndo inasugua vizuri, mtamwaga mkifika. Shinyanga! Kilomita zaidi ya 160, tani 7 za dagaa mgongoni, na oili imeshalainishwa na kitu ambacho ni ndugu wa mafuta ya taa.

Wakapita Usagara salama. Kufika Misungwi geji ya oili inashuka, taa inawaka inazima. Dereva kafanya cha maana, kaegesha pembeni kampigia fundi kwanza kabla yangu kwa sababu yeye ndo aliyemwagiza. Fundi akamwambia endelea tu mdogo wangu, huo ni uchafu unatoka, taa itazima yenyewe.

Hiyo simu inaniuma kuliko ile dawa. Taa ya oili ikiwaka unazima injini pale pale ulipo, hata kama ni katikati ya daraja. Kama angesema zima, leo ningekuwa naosha sampo (lile bakuli la oili chini ya injini) na kununua filta, basi, nisingekuwa hapa nalalamika.

Karibu na Mabuki tabo ikaanza kulia kama filimbi, moshi wa buluu nyuma, utingo anasema haikuchukua hata dakika tano wakasikia ngo! ngo! ngo! chini. Imenoki, injini imekufa.

Usiku ule ule nikatafuta Fuso nyingine ya kufaulisha mzigo, mvua ikatukuta turubai liko nusu, gunia 11 zikalowa. Mama mwenye dagaa hajanitukana, kanyamaza tu, anataka hela yake na ni haki yake.

Tumeivuta hadi Nyakato kwa fundi mwingine, sampo limefunguliwa mbele yangu. Lile chujio la pampu ya oili limezibwa na tope jeusi zito kama lami, unalikwangua kwa bisibisi linatoka vipande. Fundi huyu mpya kanieleza taratibu mpaka nikaelewa: lile tope lilikuwa limejilalia chini ya sampo na kwenye kava la vali miaka na miaka, pengine tangu kwa mwenye gari wa kwanza, na lilikuwa halimsumbui mtu. Dawa haikuliyeyusha lote, imelibandua tu, pampu ikalivuta, chujio likaziba, oili haipandi tena. Tabo ndo ya kwanza kufa kwa sababu ile shafti inazunguka makumi ya maelfu kwa dakika na inaelea juu ya oili tu. Halafu zikafuata beringi za konrodi (vile vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki), namba 3 na 4 zimelika mpaka shaba nyekundu inaonekana. Krenki, ile shafti kuu ya injini, ina mikwaruzo ya kushika kucha.

Najua kuna atakayekuja kusema mbona mimi naweka kila mwaka na gari iko poa. Sawa mkuu, wewe unamwaga oili kwa wakati toka gari ikiwa mpya na unafuata maandishi ya chupa. Gari ya kununua mkononi ambayo hujui ilikuwa inatunzwaje, shusha sampo, osha kwa mkono, safisha chujio, weka filta mpya na oili nzuri ya 15W-40 iliyoandikwa CI-4 (daraja la oili ya dizeli), kisha imwage mapema baada ya kilomita 2,000 hivi, na rudia. Itasafika polepole bila kuua kitu. Hivi ndivyo fundi alitakiwa kuniambia, na ingenigharimu chini ya robo ya hasara hii.

Nimeenda dukani, muuzaji anasema kaka dawa haina shida, fundi ndo kakosea. Nimeenda kwa fundi anasema dawa ilikuwa feki. Wanatupiana mpira na mimi nimesimama katikati na makadirio ya milioni 6 na ushee mkononi.

Chupa ninayo. Tope nimeliweka kwenye ndoo, beringi nimezifunga kwenye kitambaa, na dereva yuko tayari kusema kila neno aliloambiwa kwenye simu. Fundi, kama unasoma hapa, gari iko Nyakato, njoo tuongee kabla sijaenda mbele.

Na mwenye krenki ya 6D16 ambayo haijawahi kuchongwa, Mwanza au hata Kahama, aje PM na bei.