Rejista zimelowa, mkubwa anataka tuzichome. Nisaidieni

Mtunza_Faili: Wakuu, habari za jioni. Nasimamia stoo ya kumbukumbu katika ofisi moja ya serikali za mitaa huku Busoga, Uganda. Jumapili usiku upepo uliezua mabati. Leo Jumanne nimefungua, nakuta rejista za ardhi na mafaili ya tangu enzi za mkoloni yamelowa chapachapa, mengine yameota ukungu. Mkubwa wangu anasema zinazosomeka tuzilamineti, zilizobaki tuchome. Roho inaniuma. Wazee bado huja hapa kutafuta mipaka ya mashamba yao. Kazi hii sikuisomea. Nifanyeje, na mafunzo yapo wapi?

BintiMaktaba: Pole sana kaka. Karatasi mbichi huota ukungu ndani ya siku mbili hivi, kwa hiyo anza usiku huu. Vaa barakoa na glavu. Usianike juani, zitajikunja na wino utapauka. Tafuta chumba kinachopitisha hewa, washa feni lakini isizipulize zenyewe. Pachika karatasi nyeupe za kunyonya maji kati ya kurasa, uzibadilishe kila zikilowa. Zilizogandana usizibandue! Zikikuzidi, zifunge kwenye plastiki uzitie kwenye friza. Ukungu hautaendelea mpaka upate nafasi ya kuzikausha chache chache.

Mzee_wa_Nyaraka: Mwanangu, kulamineti hapana. Ile plastiki ikishashikana na karatasi kwa moto haitoki tena. Selotepu vilevile. Na kuchoma, mwonyeshe mkubwa wako Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya Taifa ya 2001: kumbukumbu za umma haziteketezwi bila idhini. Mwandikie barua, ubaki na nakala.

Wandegeya_Juu: Mafunzo, anzia Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu na Nyaraka hapa Wandegeya, Kampala, kisha shule ya ukutubi ya Makerere, ipo tangu 1963. Fort Portal pia wana uzoefu: Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon kiliokoa nyaraka za wilaya ya Kabarole na kuziskani kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Michigan. British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, nayo ina mpango wa Endangered Archives (nyaraka zilizo hatarini), tangu 2004, unaogharimia kuskani na kufundisha watu wa hapo hapo, na nyaraka zenyewe hazitoki nchini. Ila paa kwanza, ndugu yangu.

Mtunza_Faili: Mungu awabariki. Feni mbili zimepatikana, na jirani muuza samaki ananisafishia friza. Barua naiandika sasa. Vibanio vimeshika kutu kwenye kurasa, nivitoe?

BintiMaktaba: Zikauke kwanza, karatasi mbichi huchanika upesi. Kisha telezesha kipande cha plastiki chini ya kibanio, ukifungue polepole. Na jalada lenye namba ya faili usilitupe, hata likiwa limeoza.