Marekani iingie Mexico kupiga magenge ya unga? Mimi nakataa, tujadili

Wakuu, tangu Februari 2025 Marekani ilipoyatangaza magenge sita ya Mexico kuwa makundi ya kigaidi, hoja ya kurusha droni au kuvusha makomando mpakani haijapoa. Rais wa Mexico, Claudia Sheinbaum, kasimama palepale: kushirikiana sawa, kuamrishwa hapana. Na nchi iliyopoteza karibu nusu ya ardhi yake katika vita na Marekani vya 1846 hadi 1848 ina kila sababu ya kushtuka ikisikia jeshi lilelile linabisha hodi.

Wanaotaka Marekani iingie wana hoja moja nzito, tusiifiche. Genaro García Luna, waziri wa usalama aliyeongoza vita dhidi ya magenge enzi za Rais Felipe Calderón, kumbe alikuwa akipokea hongo za genge la Sinaloa. Aliyemtia hatiani ni nani? Baraza la wazee wa mahakama, Brooklyn, 2023. Nina shaka kama kwao angeguswa. Hata hapa kwetu, kesi ya unga ya ndugu wa kina Akasha ilipigwa danadana Mombasa zaidi ya miaka miwili, mpaka walipopakiwa ndege kwenda New York Januari 2017.

Lakini kumfikisha mtu mahakamani ni kitu kimoja, kupiga mabomu nchi ya watu ni kingine. Tena hata kukamata kwenyewe kuna gharama yake. El Mayo Zambada, kigogo wa genge la Sinaloa, aliangukia mikononi mwa Wamarekani Julai 2024. Kufika Septemba mji wa Culiacán, ngome ya genge hilo, unawaka, kambi ya watoto wa El Chapo, kigogo mwenzake, na ya Mayo zinauana. Calderón alitoa jeshi kambini Desemba 2006, Marekani ikaanza kumwaga misaada ya kupambana na magenge, Mpango wa Mérida, 2008. Leo Mexico ina watu zaidi ya laki moja wasiojulikana walipo.

Kinachonikera zaidi ni bunduki. Mexico nzima ina maduka mawili tu halali ya silaha, yote ya jeshi. Za magenge zinatoka wapi? Nyingi zinavuka kutoka Texas na Arizona. Mexico ikazishtaki kampuni za Marekani zinazozitengeneza; Juni 2025 Mahakama ya Juu ya huko ikaitupa kesi.

Mnaounga mkono, nijibuni hili tu: droni ikishamuua bosi wa Sinaloa, nani atazuia bunduki za Arizona zisimfikie mrithi wake?