Nimeombwa kusifia chakula cha kuku kwa malipo, nifanyeje?

Mfuga Kimya:
Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo habari zenu.

Nafuga kuku wa mayai Kibaha, wapo 120. Mwaka wa nne huu naandika mambo ya ufugaji kwenye ukurasa wangu: chanjo, banda, hesabu za chakula. Sijawahi kumtoza mtu hata mia. Juzi watu wa kiwanda kimoja cha chakula cha kuku wamenitafuta, wanataka makala tatu za kukisifia. Laki nne kila makala. Niandike au niache? Usingizi sipati.

Kishoka wa Chalinze:
Laki nne halafu unaomba ushauri? Nipe namba yao. Kuku sina, ila kusifia najua.

Mama Trei:
Mwanangu, mimi niliwahi kumsikiliza mtu akimsifia muuza vifaranga, nikachukua boksi zima. Nimelisha miezi minne nasubiri mayai. Alfajiri moja banda zima likawika! Zaidi ya nusu majogoo. Yule msifiaji kumbe alikuwa anapewa chake kwa kila boksi. Mume wangu mpaka leo akinuna ananiuliza, "Yametaga?"

Mzee wa Kivukoni:
Vijana mmekuwa watu wa hela mbele. Zamani bwana shamba alikuja na baiskeli, anakwambia ukweli, anakunywa maji, anaondoka.

Kishoka wa Chalinze:
Na jogoo moja kwenye keria, mzee. Usifiche.

Mbeba Boksi Texas:
Huku Marekani FTC, tume ya serikali inayolinda wanunuzi, walishaweka wazi tangu 2009: ukilipwa kusifia kitu, useme umelipwa, na useme mahali msomaji anaona. Hata kupewa bidhaa ya bure unataja. Mleta mada, andika juu kabisa "hili ni tangazo, nimelipwa", chukua hela yako, lala.

Mfuga Kimya:
Hapo ndipo penye shida mkuu. Hawataki niandike neno tangazo. Wanataka ionekane ni mimi tu nimekipenda.

Binti Saidi:
Samahani kaka, kuku wako wewe wanakula hicho chakula?

Mfuga Kimya:
Walinipa mifuko minne nijaribu.

Binti Saidi:
Na utagaji ukawaje?

Mfuga Kimya:
Dada, mimi nimeuliza kuhusu malipo. Ya utagaji ni mengine.

Binti Saidi:
Ni hayohayo. Ukawaje?

Mfuga Kimya:
Haya. Nilikuwa naokota trei tatu na mayai kumi hivi kwa siku. Nimewalisha mwezi mzima, nikashuka hadi trei mbili, na mengine ganda laini, ukilishika linabonyea kama kidevu cha mtoto. Lakini siwezi kuapa kuwa ni chakula. Kulikuwa na joto, na jirani alikuwa anajenga, kelele kutwa. Kuku wanashtuka.

Dokta wa Banda:
Ganda laini mara nyingi ni upungufu wa chokaa. Kuku anayetaga anahitaji kalsiamu karibu asilimia 4 ya chakula chake. Ila usisahau mdondo nao huangusha utagaji. Umechanja lini? Wanapata mwanga saa ngapi kwa siku? Peleka sampuli ya chakula TVLA, maabara ya mifugo ya serikali, pale Temeke wapime. Kuhusu makala sina la kusema, mimi ni mtu wa mifugo.

Kipimo Sahihi:
Ngojeni kwanza. Kuku wa mayai anakula gramu 115 hivi kwa siku. Mia na ishirini ni kilo 14 kasoro kidogo. Mifuko minne ya kilo 50 ni kilo 200. Hizo ni wiki mbili. Huo "mwezi mzima" aliwalisha nini, mchanga? HII NI CHAI.

Kishoka wa Chalinze:
Leteni na vitumbua.

Kipimo Sahihi:
Tena naona mbali zaidi. Jamaa katumwa na kiwanda pinzani. Subirini, atatokea mtu hapa "kwa bahati tu" aseme yeye anatumia chakula cha kampuni fulani na kuku wake wanataga mpaka usiku.

Mama Trei:
Mimi nachanganya mwenyewe. Pumba, mahindi, mashudu ya alizeti, dagaa, chokaa, chumvi kidogo. Sijatumwa na mtu.

Kipimo Sahihi:
Umeona? Kaanza.

Mfuga Kimya:
Sijatumwa. Nilichanganya nusu yao, nusu yangu niliyokuwa nayo stoo, ndiyo maana ikafika mwezi. Na ndiyo maana nasema siwezi kuwahukumu. Mwingine kitamfaa. Kila banda na bahati yake.

Binti Saidi:
Kwa hiyo nusu tu ya chakula chao imekushusha trei nzima na zaidi. Kaka, hela umeshapokea?

Mfuga Kimya:
Ya makala ya kwanza. Ada ya mtoto ilikuwa inadaiwa, mlitaka nifanyeje? Na sikudanganya popote. Nimeandika kuku "wamekipokea vizuri". Ni kweli, walikula wakamaliza.

Binti Saidi:
Umeandika? Si uliuliza uandike au uache?

Mfuga Kimya:
Nilikuwa naulizia hizo mbili zilizobaki.

Mzee wa Kivukoni:
Lo!

Mtetea Mwekundu:
Mimi si mwandishi humu, nasomaga tu. Ni makala ya Jumapili, ile yenye picha ya ndoo ya bluu? Kama ndiyo, nimeshalipia mifuko sita kwa sababu yako. Inafika kesho asubuhi. Niipokee au niirudishe?

Kipimo Sahihi:
ID imefunguliwa leo. Chai imeongezwa tangawizi.

Mtetea Mwekundu:
Nimefungua leo ili nimuulize yeye. Kuku wangu wapo 200.

Mfuga Kimya:
Dada, njoo pembeni tuongee.

Mtetea Mwekundu:
Hapana. Nijibu hapahapa.