Björk na usurealisti: mchana mmoja wa kusikiliza na kukata karatasi, tuanzie wapi?

chalii_wa_sakina

Habari za jioni wadau. Jumamosi ijayo tuko watu 12 hapa Sakina, saa 8 mchana mpaka saa 12 jioni. Tunataka kumsikiliza Björk, mwimbaji wa Iceland, zile kazi zake mwenyewe baada ya bendi yake ya zamani The Sugarcubes, huku mikono ikitengeneza picha za kisurealisti, za kindoto, vitu visivyohusiana vikikutana: kolaji (picha za kukata na kubandika), michoro ya kukunja karatasi na kadhalika. Tuna sabufa moja ya kawaida yenye spika mbili ndogo, simu, na elfu 30 ya vifaa.

Naomba msaada kwa haya. Albamu zipi, na kwa mpangilio gani, maana nusu ya watu hawajawahi kumsikia? Halafu kuna mmoja anabisha kwamba usurealisti wa Björk ni mavazi tu, lile gauni la bata maji basi. Ni kweli? Na kwenye picha: gundi gani, karatasi gani, na nini huwa kinaharibika?

besi_nusu

Kabla ya albamu, rekebisha sabufa. Watu wengi huifungulia besi mpaka mwisho, na ukimpiga Björk hivyo utasikia mngurumo tu, fidla zote zinazama. Shusha besi chini kidogo ya katikati. Boksi la besi litoe kwenye kona, kona huongeza mngurumo. Liache kama nusu mita kutoka ukutani. Spika ndogo ziwe usawa wa masikio ya mtu aliyekaa, zimeachana mita 2 hivi. Pakua nyimbo mapema, tumia waya, na simu iwe kwenye hali ya ndege, la sivyo kila ujumbe wa muamala utaingia katikati ya wimbo.

Mpangilio: usifuate miaka. Debut ya 1993 ni rahisi kupendwa lakini inampeleka mgeni kwenye muziki wa klabu, halafu atakaa anasubiri kucheza. Anza na Homogenic ya 1997. Nyimbo 10, kama dakika 43, na ndani yake kuna nguzo mbili za kushika: kundi la wapiga nyuzi wanane wa Iceland, na midundo ya kompyuta ambayo mingi yake ni kazi ya Mark Bell. Nyuzi zinatiririka, midundo inakwaruza kama kokoto kwenye beseni. Mgeni akishaona hizo mbili zinavyogombana na sauti inavyopita katikati, amekwisha kuelewa nusu ya Björk.

Kisha Vespertine ya 2001, kama dakika 55, na hapa ndipo muanze kukata karatasi. Ni albamu ya sauti ndogo: kinubi cha Zeena Parkins, visanduku vya muziki, midundo iliyojengwa kwa mikwaruzo na vishindo vidogo. Msiongeze sauti kwa sababu hamsikii. Nyamazeni. (Mikasi ikilia humo ndani haiharibu kitu, inaingia kama ala.)

Baada ya chai, Medúlla ya 2004, nyimbo tatu au nne tu kwa siku ya kwanza. Karibu yote ni sauti za vinywa: kwaya, mdundo wa mdomo wa Rahzel, mikoromo ya koo ya Tanya Tagaq. Ikipigwa mfululizo kwa wageni, hukawii kusikia mtu anauliza kama redio imeharibika.

Vulnicura ya 2015 iacheni. Ni albamu ya kuachana, inataka mtu mmoja na usiku mmoja.

mbuyuni_moshi

Huyo anayesema ni mavazi, mwambie gauni la bata maji lilibuniwa na Marjan Pejoski, Björk akalivaa kwenye Oscar za 2001, na miguuni akawa anaangusha mayai. Lilikuwa utani mzuri. Mizizi iko kwingine.

Reykjavik ilikuwa na kundi la washairi vijana wa kisurealisti likiitwa Medúsa, na mmoja wa walioliasisi mwaka 1979 ni Sjón. Björk alikulia karibu na watu hao. Sjón ndiye aliyeandika naye maneno ya Isobel, Jóga na Bachelorette, na pia Oceania, ule wimbo wa ufunguzi wa Olimpiki ya Athens 2004. Kwa hiyo usurealisti ulimfikia kupitia neno kwanza, picha zikafuata.

Ukitaka kuuona machoni, wekeni video tatu alizoziongoza Michel Gondry: Human Behaviour (1993), Army of Me (1995), Bachelorette (1997). Katika Army of Me, lori lina meno na daktari wa meno ni sokwe. Angalia kwamba hakuna anayeshangaa. Hapo ndipo kipimo kilipo. Lautréamont, yule mshairi wa karne ya 19 ambaye wasurealisti walimfanya babu yao, alizungumzia uzuri wa mwavuli na cherehani kukutana juu ya meza ya kupasulia maiti. Vitu vyenyewe ni vya kawaida kabisa, cherehani ipo kila baraza mjini Moshi. Kigeni ni mahali vilipokutana. Mtu akivaa manyoya na rangi usoni bila huo mkutano, hayo ni mapambo.

kalamu_nyekundu

Nyongeza upande wa ala za Afrika: albamu ya Volta ya 2007 inaanza na Earth Intruders, ndani yake wamo Konono No. 1 wa Kongo na likembe zao (ala za ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba) za kukuzwa kwa umeme. Aliyezoea ilimba ya Wagogo ataitambua mara moja. Na kwenye wimbo wa Hope, kora (ala ya nyuzi ya Afrika Magharibi) ni ya Toumani Diabaté wa Mali.

Halafu kwani vinyago vya shetani vya Wamakonde si usurealisti? Tunao wetu.

mbuyuni_moshi

@kalamu_nyekundu hapana ndugu yangu, na si kwa dharau. Mtindo wa shetani huhusishwa na mchongaji Samaki Likankoa, miaka ya 1950, na ulitoka kwenye mpingo na kwenye imani juu ya viumbe hao, si kwenye ilani ya usurealisti ya Mfaransa André Breton ya 1924. Kuviweka mezani kando kando ni sawa. Kukiita kimoja kwa jina la kingine ni kumnyang'anya mtu baba.

ngeli_kwanza

Mchezo wa kukunja karatasi una aina mbili, na wa maneno ukichezwa kwa Kiswahili kama Wafaransa walivyoucheza, unakwama. Wao hupanga nomino, kivumishi, kitenzi, nomino, kivumishi, kila mtu anaandika neno moja, anakunja, anampa mwenzake. Sasa kwetu mtu wa pili hajaiona nomino. Aandike chenye, wenye au yenye? Akibahatisha, watu watacheka kosa la sarufi badala ya kuiona picha.

Dawa: nomino ziandikwe kamili, lakini vivumishi na vitenzi viandikwe bila kiambishi cha ngeli, na kistari mbele. Mfano karatasi ikirudi na *kijiko / -enye huzuni / -takunywa / mlima / -bichi*, msomaji anavalisha mwenyewe: *Kijiko chenye huzuni kitakunywa mlima mbichi.* Kwa watu 12 inakaa vizuri, makundi mawili ya sita: watano waandike, wa sita asome na kuvalisha.

Mitego: kifaru na kiboko vina sura ya KI- lakini ni "kifaru mwenye huzuni atakunywa". Na kitenzi lazima kiwe na cha kutenda: -tameza, -tashona, -takopa. Mtu akiandika -talala, mlima wa watu unabaki unaning'inia. Pia mkataze yeyote kuandika neno la kuchekesha kwa makusudi. Anayechekesha ameshaamua, na mchezo wote ni wa kutoamua.

Wa kuchora: makundi matatu ya wanne. A4 ikunjwe sehemu nne, kila moja kama sentimita 7.4: kichwa, kifua, tumbo, miguu. Mistari ya mwili ivuke mkunjo kwa nusu sentimita ili anayefuata aunganishe. Penseli, si maka peni. Wino wake unapenya na kufichua siri.

fundi_manila

Gundi: nyeupe ya mbao, ile ya maseremala. Sehemu 2 za gundi kwa 1 ya maji. Robo lita ya gundi kabla ya kuchanganya inawatosha wote 12. Brashi bapa ya inchi 1.

Karatasi huvimba ikilowa, na hapo ndipo kolaji nyingi zinapoharibika. Ukipaka na kubandika papo hapo, kipande kinavimba kikiwa kimeshashikwa, kinatoa malengelenge. Paka nyuma ya kipande, subiri nusu dakika kilegee, ndipo ubandike, na ukandamize kwa kitambaa kikavu kutoka katikati kwenda pembeni. Manila nayo itajipinda ikikauka. Ilaze chini ya vitabu vizito usiku kucha, katikati utie nailoni, usije ukagandisha na kitabu.

Magazeti yaacheni, yananywa gundi na maandishi ya nyuma yanatokea mbele. Tafuteni kalenda za ukutani za zamani na vitabu chakavu vya sayansi. Halafu fanyeni jambo moja: picha zote mtakazochagua zipelekeni steshenari zitolewe kopi nyeusi. Max Ernst, msanii wa kisurealisti, alikata michoro ya vitabu vya zamani ya aina moja, ndiyo maana huoni kiungo. Mtu na kichwa chake cha ndege wanaonekana wamezaliwa pamoja. Ukichanganya picha ya rangi na ya kijivu, jicho linaona mkasi kabla ya kuona picha. Kopi iwe ya mashine ya tona. Ya printa ya wino wa maji itachujuka ukiigusa na gundi.

Kukata: shika mkasi palepale, zungusha karatasi.

chalii_wa_sakina

Shukrani sana wakuu, nimeshanakili yote. Fundi, na ile ya kusugua penseli juu ya vitu? Watoto wawili watakuwepo, miaka 9 na 11.

fundi_manila

Frotaji, ya Ernst pia, 1925, alianza na mbao za sakafu. Kwa watoto ndiyo bora, haina gundi. A4 nyembamba ya gramu 70 na krayoni iliyobanduliwa karatasi yake, isuguliwe kwa ubavu. Penseli ya HB inaweza kutoboa, tumia 4B iliyo laini zaidi. Chini weka ungo, mkeka wa ukindu, gome la mti. Jani la mgomba ligeuze, upande wa chini ndio wenye mshipa mkubwa uliotuna, na ulifute kwanza ncha uliyokata, utomvu wake ukikauka kwenye karatasi au shati ni doa la kahawia lisilotoka. Karatasi ibanwe kwa gundi ya selotepu pembe mbili za juu, maana ikisogea nusu milimita mistari inakuwa miwili.

Wakimaliza, wasiandike "jani". Waigeuze karatasi huku na huku mpaka waone kitu kingine, ndipo waongeze jicho au mguu kwa penseli.

besi_nusu

Na hiyo ifanyike wakati wa Homogenic, si Vespertine. Kusugua ungo kuna kelele.