Kata moja ya mbege kwenye harusi na msiba: tuiache au tuendelee nayo?

Mwana wa Marangu (mwanzisha mada)

Wakuu, naomba hili tulijadili bila matusi maana linagawa ukoo wetu.

Jumapili iliyopita tulikaa kikao cha kupanga kumbukumbu ya babu. Nikapendekeza safari hii kila mgeni apewe kikombe chake cha mbege. Mzee mmoja, mkubwa kuliko wote pale, akachukua kofia yake akasimama. "Basi mbege isipikwe kabisa," akasema, akaondoka.

Kwa wasioijua, mbege ni pombe ya ndizi mbivu na ulezi, nasi tunainywea kwenye kata, kibuyu chenye mpini. Mwenye shughuli anaonja kwanza mbele ya wageni ili waone hakuna baya ndani, kisha kata inakwenda kwa wakubwa na kuzunguka. Ukinywa na mtu kata moja umeshapatana naye. Naijua maana hiyo, nimelelewa nayo.

Lakini mwaka jana kwenye harusi ya binamu yangu nilipokea kata ikiwa imeshapita kwa watu kama ishirini. Ukingoni kulikuwa na mafuta ya ndafu, yale ya midomo ya watu waliotoka kula nyama, na chembe za ulezi zimegandia juu yake. Nikanywa, kwa sababu aliyenipa ni shemeji yangu na alikuwa ananitazama. Siku ya pili nyumba tatu za ukoo zilikuwa zinahara na kutapika, mimi nikiwemo. Mtoto wa dada yangu alilazwa akatundikiwa dripu.

Msimamo wangu: kata ya kuzunguka iachwe. Karibuni.

Msharika

Nakuunga mkono. Hili lilishapita makanisani. Marekani walianza kubishania kikombe cha Meza ya Bwana tangu miaka ya 1890, baadhi ya makanisa wakaleta vikombe vidogo vya mtu mmoja mmoja. Mwaka 1909 jimbo la Kansas likapiga marufuku kikombe cha pamoja kwenye treni na shuleni, maana zamani kulikuwa na pipa la maji na kikombe kimoja cha bati, anakunywa mzima na mgonjwa. Kikombe cha karatasi cha kutupa kilipata soko kwa sababu hiyo. Kwetu pia wapo Walutheri wanaotumia vikombe vidogo, na sijaona imani yao imepungua.

Binti wa Kagera

Naomba niseme jambo ambalo vijana wengi humu hamkuliona.

Mwaka 1994 kaka yangu aliugua. Kagera tulikuwa tunazika kila wiki. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligundulika kwetu mwaka 1983. Nyumbani wakamtengea kikombe. Kilikuwa cha bati, cha bluu, wakafunga uzi mwekundu kwenye mkono wake ili mtu mwingine asikichukue kwa bahati mbaya. Akimaliza kunywa, kinaachwa nje juu ya jiwe. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja na nilikatazwa kukiosha. Aliishi miezi saba na kikombe hicho. Siku tulipomzika, mtu alikitupa chooni.

Hakuna aliyewahi kuambukizwa VVU kwa kikombe. Hakuna. Kaka yangu alinyimwa kukaa na wenzake bure.

Kwa hiyo ninapowasikia mkisema "kila mtu na kikombe chake", naona uzi mwekundu. Mnaanza na afya, mnaishia kumtazama mwembamba mwenye kikohozi.

Muuguzi wa Zamu

Dada, pole sana. Ulichoandika ni kweli tupu, na nitaanzia hapo maana watu wanachanganya mambo.

VVU haipiti kwenye kikombe. Homa ya ini B hupita kwa damu, kwa kujamiiana na kwa mama kumwambukiza mtoto. Kula na kunywa pamoja hakumpi mtu ugonjwa huo. Kifua kikuu kinakwenda kwa hewa. Nimeingia nyumba nyingi ambako mgonjwa wa TB ametengewa kikombe, sahani na kijiko, halafu wote wanalala chumba kimoja na dirisha limezibwa kwa gunia. Wamezuia pasipopita ugonjwa, wameacha wazi unapopita. Fungueni dirisha, mgonjwa ameze dawa kila siku, kikombe chake kioshwe kama vingine.

Yanayoweza kupita kwa mate ni mengine: mafua, matubwitubwi, maambukizi ya koo, na yale malengelenge ya pembeni mwa mdomo. Haya malengelenge Shirika la Afya Duniani linakadiria watu bilioni 3.8 walio chini ya miaka 50 wana virusi vyake, wengi waliambukizwa utotoni, kwa hiyo kata haikuletei mengi mapya hapo. Kwa homa ya uti wa mgongo nakuwa mkali zaidi. Wapo watu wazima kabisa wanaoishi na bakteria wake kooni bila kuumwa, na ukitokea mlipuko hatutaki mate ya mtu yafike kwa mwingine.

Sasa turudi kwa mwanzisha mada. Ulihara wewe na nyumba tatu. Kuhara kwa namna ile kwa kawaida hutokana na kinyesi kilichofika kwenye maji, chakula au mikono. Kata inaweza kubeba uchafu wa mikono, ndiyo, maana kila mtu anaishika na vidole vinaingia ndani. Lakini mimi ningeuliza kwanza: ndizi zikishapikwa na kulala zikawa nyalu, maji ya kuzichanganyia kabla ya kuchuja yalichemshwa, au yalichotwa mferejini? Walionawa baada ya choo walikuwa wangapi? Mkigawa vikombe mia vilivyosuuzwa kwa maji hayohayo, mtahara kila mtu kwa kikombe chake.

Na asiniambie mtu kwamba pombe inaua wadudu. Sanitaiza inatakiwa iwe na kilevi asilimia 60 na zaidi. Mbege haifiki hata robo ya hapo.

Mzee wa Kijiwe

Assalaam aleikum. Mimi nauza kahawa Unguja, mwaka wa thelathini huu. Birika langu liko juu ya makaa, vikombe ninavyo kumi na viwili, na wateja kwa jioni moja hawapungui sitini. Kikombe kikirudi nakisuuza ndooni nampa mwingine. Hakuna aliyekufa. Kahawa ni ya moto, uchafu gani utabaki? Hata Oman finjani mbili tatu zinatosha kuzungusha baraza nzima. Mkianza kuogopana midomo, mtaacha kusalimiana.

Muuguzi wa Zamu

Wa aleikum salaam, mzee wangu. Kwa heshima zote, kahawa ni ya moto ndani ya kikombe, lakini ule ukingo wa nje unapokaa mdomo haiugusi. Na ndoo yako hadi saa mbili usiku maji yameshabadilika rangi, ni ya midomo sitini. Sisemi ufunge kijiwe. Weka ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia, au dumu lenye bomba maji yatiririke. Vikombe kumi na viwili vikiwa thelathini, unapata nafasi ya kuviosha vizuri.

Mteso wa Amagoro

Huku kwetu chungu ni kimoja na mirija mirefu, mnaketi mkikizunguka, maji ya moto yanaongezwa. Kila mtu na mrija wake, kwa hiyo tuko salama kuliko wenye kata. Uganda walifunga mabaa kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022 kwa sababu ya korona na watu wa malwa, hiyo pombe ya chungu na mirija, waliteseka sana.

Msharika

Mrija wako, lakini chungu ni chenu. Ukiachia kuvuta, kilichokuwa mdomoni kinateremka kurudi. Na korona ilikuwa ya pumzi: watu kumi vichwa vimekaribiana kwa saa nne, hata mrija wa dhahabu usingesaidia.

Binti wa Kagera

Muuguzi, nimekuelewa. Na siwezi kujifanya sijui ya Marburg. Machi 2023 ilitangazwa huku kwetu Bukoba, wakaugua watu tisa, wakafa sita. Ule ugonjwa unapita kwa majimaji ya mwili, mate yakiwemo. Wiki zile hata mimi nisingeshika kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, cha mtu.

Tofauti ninayoiona ni hii: wakati wa mlipuko wote tunaacha, siku moja, kwa tangazo, na hakuna anayetazamwa. Kaka yangu alitengwa peke yake.

Mwana wa Marangu (mwanzisha mada)

Nimesoma yote, na nimebadilika nusu. Nilikuja na hasira ya kata, kumbe sikuwahi kuuliza habari za maji. Jana nimempigia shangazi anayetupikia. Ananiambia maji ya kuchanganya nyalu hutoka mferejini, hayachemshwi, "kwani tangu lini?"

Ninalopeleka kikaoni ni hili. Maji yote yachemshwe, kuni nitanunua mimi. Mlangoni kuwe na maji ya bomba na sabuni. Kata itoke, mwenye shughuli aonje mbele ya watu kama kawaida, ampe mkubwa wa ukoo. Baada ya hapo mbege igawiwe kwa vikombe, vya wote vinavyofanana, mzima na mgonjwa, tajiri na maskini. Ugonjwa ukitangazwa wilayani, hata kuonja kwa pamoja tunasimamisha.

Yule mzee nimemfuata kwake. Amesikiliza mpaka mwisho, akaniuliza: yeye akishapokea kata, atampa nani? Nimekosa jibu. Wenye ukoo kama wetu, nyie mmefanyaje hapo?

Mama wa Rombo

Sisi mkubwa akishakunywa, anamimina kidogo kutoka kwenye kata kwenda kikombe cha anayemfuata kwa umri, kwa mkono wake mwenyewe, huku anamtaja jina. Inachukua muda, lakini mwaka wa tatu sasa wazee hawajagoma.